Robert Serumaga: Mwigizaji aliyeyaondoa maneno jukwaani

Mwezi Septemba mwaka 1980, jijini Nairobi, alifariki dunia ghafla raia mmoja wa Uganda aliyekuwa na umri wa miaka 41. Taarifa za wakati huo zilieleza kwamba damu ilivuja katika ubongo wake. Katika maisha hayo mafupi alikuwa amesomea uchumi, amewahoji waandishi kwa ajili ya redio, ametunga riwaya, ameongoza vikundi vya maigizo, amekuwa waziri katika serikali iliyodumu siku 68 tu, na ameikimbia nchi yake mara mbili.

Jina lake ni Robert Serumaga.

Vitabu vya historia ya siasa za Uganda humtaja kwa mstari mmoja au miwili, katika orodha ya mawaziri wa Profesa Yusuf Lule. Lakini Waganda waliokuwa wakienda jumba la maigizo la taifa mjini Kampala kati ya mwaka 1967 na katikati ya miaka ya 1970 walimjua kwa sura nyingine. Kwao alikuwa mwigizaji, na mwongozaji aliyewafundisha vijana kusema kwa mabega, kwa nyayo na kwa pumzi yale ambayo ulimi haukuthubutu kuyatamka.

Jambo la kusikitisha ni kwamba kazi zake zilizokwenda mbali zaidi katika njia hiyo haziwezi kusomwa kama vinavyosomwa vitabu vyake. Alizitunga makusudi zisiwe za kusomwa.

Kutoka Buganda hadi Dublin

Serumaga alizaliwa mwaka 1939 katika Buganda, wakati Uganda ingali chini ya himaya ya Uingereza. Alikuwa miongoni mwa kizazi cha vijana wa Afrika Mashariki waliopelekwa ng'ambo kusomea mambo ambayo taifa jipya lingeyahitaji, yaani sheria, udaktari, uhandisi na uchumi. Yeye alikwenda Ireland, katika chuo cha Trinity mjini Dublin, na kupata shahada ya uzamili ya uchumi katikati ya miaka ya 1960.

Dublin, hata hivyo, ni mji ambao mtu hawezi kuishi muda mrefu asisikie habari za maigizo. Ndiko kulikozaliwa Samuel Beckett, aliyesoma katika chuo hicho hicho cha Trinity, na ambaye katika tamthilia zake watu husubiri, hunyamaza na kurudia maneno hadi maana inawaponyoka. Wahakiki wengi wameona alama za Beckett na wenzake wa mkondo huo katika tamthilia za mwanzo za Serumaga. Mchumi alirudi kutoka masomoni akiwa na ugonjwa mwingine kabisa.

Kabla ya kurejea nyumbani alifanya kazi London, akirekodi mazungumzo na waandishi wa Afrika kwa niaba ya Transcription Centre, kituo kilichotayarisha vipindi kwa ajili ya idhaa za redio barani. Mwezi Februari mwaka 1967 alimhoji Chinua Achebe wa Nigeria. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwezi Januari mwaka 1966, riwaya ya Achebe iliyomalizika kwa mapinduzi ya kijeshi ilikuwa imechapishwa katika siku zile zile ambazo wanajeshi wa Nigeria walifanya mapinduzi yao ya kwanza.

Uganda nayo haikuwa shwari. Mwezi Mei mwaka 1966 majeshi ya Milton Obote, yakiongozwa na Idi Amin, yalilishambulia kasri la Kabaka wa Buganda huko Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili alikimbilia Uingereza, na mwaka uliofuata falme zote zikafutwa. Kwa Muganda aliyekuwa masomoni, nchi aliyoiacha haikuwapo tena.

Mwandishi anayetabiri

Jumba la maigizo la taifa mjini Kampala lilifunguliwa mwaka 1959, na katika miaka yake ya kwanza lilitumiwa zaidi na Wazungu na Waasia waliopenda kuigiza kwa burudani. Waafrika walikuwa na njia zao. Wycliffe Kiyingi alikuwa ameanzisha kikundi cha maigizo cha Waafrika tangu mwaka 1954, na kuanzia mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere walizunguka mijini na vijijini wakicheza bila kiingilio. Serumaga aliingia katika uwanja huo akiwa na shabaha moja: kuwa na kikundi cha waigizaji wanaoishi kwa kazi hiyo, si watu wanaoigiza jioni baada ya kutoka ofisini.

Tamthilia yake ya kwanza ilichezwa mwaka 1967 na aliipa jina la unyenyekevu wa kejeli, A Play, yaani mchezo tu. Mhusika wake ni mwanamume anayeandamwa na kumbukumbu za mkewe aliyeuawa. Mwaka 1970 ikafuata The Elephants, kuhusu mtafiti wa chuo kikuu na rafiki yake, msanii mkimbizi, ambaye amefichwa ukweli kuhusu wazazi wake.

Kati ya tamthilia hizo mbili kuna riwaya, Return to the Shadows, iliyotoka mwaka 1969 katika mfululizo maarufu wa waandishi wa Afrika wa kampuni ya Heinemann. Inahusu msomi mmoja tajiri katika nchi ya kubuni iitwayo Adnagu. Kila yanapotokea mapinduzi msomi huyo huvuka mpaka, hutoa matamko ya kulaani akiwa salama ugenini, kisha hurejea hali ikitulia. Safari hii mapinduzi yanamkuta njiani, na anaona kwa macho yake yale yaliyompata mama yake mzazi nyumbani.

Ukilisoma jina Adnagu kwa kurudi nyuma unapata Uganda. Haikuhitaji mtabiri kulitambua hilo. Lakini riwaya ilitangulia mapinduzi ya Idi Amin ya tarehe 25 Januari mwaka 1971 kwa karibu miaka miwili, na mwandishi mwenyewe alikuwa bado hajavuka mpaka wowote kwa kukimbia.

Miezi michache baada ya Amin kuchukua madaraka, Serumaga alileta jukwaani Majangwa. Ni habari ya mpiga ngoma aliyewahi kuheshimiwa, ambaye sasa yeye na mkewe wanajidhalilisha kando ya barabara, hadharani, ili wapite watu watupe senti. Jina na kisa vilitokana na watu waliojulikana katika simulizi za Kampala. Watazamaji walicheka, kwa sababu walimjua Majangwa. Kicheko hicho kilizidi kuwa kigumu kadiri mchezo ulivyoendelea, ilipobainika kwamba msanii anayevua utu wake ili ale ndiye aliyekuwa akizungumziwa, na pengine taifa zima.

Hiyo ndiyo tamthilia yake kubwa ya mwisho inayotegemea mazungumzo.

Vijana wa Abafumi

Alichokifanya baada ya hapo hakikuwa na mfano katika Afrika Mashariki. Alikusanya vijana, wengi wao wakiwa wametoka shule karibuni na wasiokuwa na jina, akaunda kikundi kilichojulikana baadaye kama Abafumi, yaani wasimulizi wa hadithi. Waliishi pamoja kama watu wa nyumba moja. Walifanya mazoezi ya viungo, sauti, ngoma na nyimbo kutoka pande mbalimbali za Uganda: Muganda alijifunza kucheza kama Mwacholi, na Mwacholi akajifunza nyimbo za Ankole.

Katika nchi ambayo jeshi lilikuwa limeanza kuwachinja askari wa Kiacholi na Kilangi kambini tangu mwaka 1971, mazoezi hayo yalikuwa na uzito ambao mgeni asingeuona. Kucheza ngoma ya kabila linalowindwa, mbele ya watu, halikuwa jambo la burudani peke yake.

Mwaka 1972 ikatoka Renga Moi, iliyojengwa juu ya simulizi ya Kiacholi kuhusu shujaa wa vita. Kijiji chake kinashambuliwa wakati mkewe amejifungua pacha. Mila inamkataza baba wa pacha kumwaga damu kabla matambiko hayajakamilika, lakini adui hangoji matambiko. Anakwenda vitani. Nyuma yake kijiji kinapatwa na balaa, na watoto wanatolewa kafara ili wengine wapone. Anaporudi na ushindi anakuta ushindi huo umelipiwa kwa wanawe.

Mchezo huo ulitumia lugha kadhaa za Uganda kwa mpigo, kiasi kwamba hakukuwa na mtazamaji hata mmoja aliyetarajiwa kuelewa kila neno. Kilichobaki kwa wote ni mwili, ngoma na kilio. Kijiji cha mchezo kilikuwa na vilima saba. Kampala pia, kama kila mkazi wake ajuavyo, husemwa kuwa imejengwa juu ya vilima saba.

Mwaka 1974 Serumaga akapiga hatua ya mwisho katika njia hiyo. Katika Amayirikiti, jina litokanalo na mti wenye maua mekundu kama moto, maneno yalitoweka kabisa. Watu walionekana jukwaani wakiwindwa, wakianguka, wakibebwa, wakiomboleza kwa sauti zisizo na silabi.

Inafaa kusimama hapa kidogo na kujiuliza maana yake kwa wakati ule. Kampala ya mwaka 1974 ilikuwa mji ambao watu walitiwa katika buti za magari mchana kweupe. Kila mkusanyiko ulidhaniwa kuwa na masikio ya State Research Bureau, kikosi cha usalama cha Amin. Mpelelezi aliyeketi katika jumba la maigizo akitazama Amayirikiti angerudi kwa mkubwa wake na taarifa gani? Kwamba vijana walicheza ngoma. Kwamba walilia. Hakuna sentensi ya kunukuliwa, na hakuna ukurasa wa kuwekwa mezani kama ushahidi.

Na ukurasa ulikuwa ushahidi wa kutosha. Mwaka 1975 mhadhiri Mwingereza aliyekuwa akifundisha Uganda, Denis Hills, alihukumiwa kifo kwa sababu ya mswada wa kitabu, ambacho kilikuwa hakijachapishwa, alimomwelezea Amin kama dikteta wa kijijini. Alinusurika tu baada ya waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, James Callaghan, kufunga safari hadi Kampala kumchukua.

Mwaka huo huo wa 1975 Abafumi walikuwa London, wakicheza Renga Moi katika ukumbi wa Aldwych, kwenye msimu wa maigizo ya dunia uliokuwa ukiandaliwa na Peter Daubeny. Uganda iliyokuwa ikisomwa magazetini kwa habari za kitanzi iliingia jukwaani kwa miguu ya vijana hao.

Lawama na woga

Si kila mtu aliyemsifu. Wapo waliosema kwamba alikuwa ameacha kuzungumza na Mganda wa kawaida na kuwachezea wageni wa Ulaya, waliovutiwa na ngoma na miili bila kujua kilichokuwa kikiombolezwa. Wengine walihoji inakuwaje kikundi kinachosemekana kuupinga utawala kipewe nafasi ya kusafiri na kurudi, huku utawala huo huo ukijivunia sifa zake ughaibuni.

Lawama hizo hazikuwa za bure. Fumbo lina tabia hiyo: humlinda aliyelifumba, na pia huwapa wenye nguvu nafasi ya kujifanya hawakulisikia. Mtu aliyetazama Amayirikiti akiwa na ndugu aliyetoweka aliona ndugu yake. Ofisa wa serikali aliyeketi mstari wa mbele angeweza kuona utamaduni tu, na kupiga makofi.

Lakini wanaolaumu hawana budi kutazama yaliyompata Byron Kawadwa.

Kawadwa alikuwa mwandishi na mwongozaji wa tamthilia za Kiganda, na mkurugenzi wa jumba la maigizo la taifa. Alipendwa na umma wa Kampala kuliko Serumaga, na kwa sababu iliyo wazi: alizungumza lugha yao, akaimba nyimbo zao, na ukumbi ulijaa. Yeye hakuyaacha maneno. Mchezo wake wa nyimbo, Oluyimba lwa Wankoko, ulihusu hila za kunyakua kiti cha ufalme, na watu waliona ndani yake kisa cha mwaka 1966.

Mwanzoni mwa mwaka 1977 mchezo huo uliiwakilisha Uganda katika tamasha kubwa la sanaa na utamaduni wa watu weusi, FESTAC, mjini Lagos. Muda mfupi baada ya kurejea, mwezi Februari, Kawadwa alikamatwa na watu wa usalama pale pale katika jumba la maigizo. Aliuawa. Ni mwezi huo huo ambapo Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana aliuawa pia.

Njia mbili, basi, zilikuwa zimejaribiwa na wasanii wawili wa mji mmoja. Mmoja aliimba hadharani akafa. Mwingine alinyamazisha jukwaa, naye hatimaye akaona kwamba hata ukimya una mwisho wake. Kufikia miaka ya mwisho ya utawala wa Amin, Serumaga alikuwa Kenya.

Nairobi, Kampala, Nairobi

Nairobi ya wakati huo ilikuwa kwa Waganda mfano wa vile Dubai ilivyo leo kwa maelfu ya Waafrika Mashariki: mji wa kusubiria, ambako msomi hukubali kazi yoyote na kila mazungumzo huishia nyumbani. Tofauti ni kwamba wengi walioko Dubai wameufuata mshahara, wakati wale wa Nairobi walikuwa wameokoa roho zao, na mpaka ulikuwa karibu mno na waliowakimbia.

Wala Kenya yenyewe haikuwa na subira na maigizo. Mwezi Novemba mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku mchezo wa Kikuyu uliokuwa ukichezwa na wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, na mwisho wa Desemba mmoja wa watunzi wake, Ngugi wa Thiong'o, akawekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Kwa msanii mkimbizi aliyekuwa mgeni katika nchi hiyo, somo lilikuwa dhahiri.

Serumaga aliacha jukwaa na kuingia katika mapambano ya kumwondoa Amin. Baada ya Amin kuivamia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, majeshi ya Tanzania yalijibu na kusonga mbele, na mwezi Machi mwaka 1979 vikundi vya Waganda walio uhamishoni vikaungana katika mkutano wa Moshi. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili. Siku mbili baadaye Yusuf Lule akaapishwa kuwa rais, na Serumaga akawa waziri wa biashara.

Hatimaye shahada ya uchumi ikapata kazi. Ilikuwa kazi ya kuhuzunisha: maduka yalikuwa yameporwa, sukari na chumvi vilikuwa adimu, na biashara iliyoachwa baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972 ilikuwa imegawanywa na kufilisiwa. Muda wa kuifanya haukuwepo. Tarehe 20 Juni Lule aliondolewa na wenzake katika baraza la muungano huo huo uliomweka madarakani, na waziri wake wa biashara akarudi Nairobi.

Msomi wa Adnagu, aliyekuwa akivuka mpaka na kurejea na kuvuka tena, sasa alikuwa mwenyewe. Tofauti ni kwamba yule wa riwayani aliishia katika matamko. Serumaga alijihusisha na juhudi mpya za upinzani wa kijeshi, wakati Uganda ikipita kutoka mikononi mwa Godfrey Binaisa hadi kwa tume ya kijeshi, na Obote akirejea kutoka uhamishoni mwezi Mei mwaka 1980.

Hakuuona uchaguzi wa Desemba mwaka huo wala vita vilivyoufuata. Kwa kuwa alikuwa mwanasiasa aliye uhamishoni, na kwa kuwa alikufa ghafla, minong'ono ilizuka kwamba haikuwa kazi ya Mungu. Hakuna ushahidi uliowahi kuletwa hadharani kuthibitisha hilo. Waganda wa kizazi chake walikuwa wamezika watu wengi mno kwa sababu zisizoandikwa kwenye vyeti vya vifo, na haishangazi kwamba cheti hiki nacho hakikuaminiwa.

Kilichobaki

Jina la ukoo halikutoweka katika sanaa na habari. Mwanawe, Kalundi Serumaga, amekuwa mwandishi wa habari na mchambuzi anayejulikana, na aliwahi kuliongoza jumba la maigizo la taifa, lile lile alimoigiza baba yake na alimokamatwa Kawadwa. Mwezi Septemba mwaka 2009, wakati wa ghasia zilizotokana na mzozo kati ya serikali na Buganda, yeye mwenyewe alikamatwa baada ya kuzungumza katika kipindi cha televisheni.

Return to the Shadows, The Elephants na Majangwa zingalipo katika maktaba za vyuo vikuu, na wanafunzi wa fasihi huandika tasnifu juu yake. Ndiyo sababu Serumaga anayefundishwa darasani ni yule wa mwanzo, aliyeandika kwa Kiingereza chini ya kivuli cha Ulaya, na anayelaumiwa kwa kuwa mbali na watu wake. Yule wa pili, aliyejifunza kwa Waacholi na kwa Baganda na kuwaweka katika uwanja mmoja wakati bunduki zikiwatenganisha, hana cha kumtetea mezani. Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein wa Tanzania, iliyotoka mwaka 1969, inaweza kuchezwa kesho asubuhi na shule yoyote yenye nakala moja. Amayirikiti haiwezi.

Amayirikiti ilikuwa katika miili ya vijana walioishi pamoja na mtu mmoja karibu na Kampala, wakaamka alfajiri wakafanya mazoezi. Walio hai kati yao sasa wanakaribia miaka 70 au wameipita.